Sura ya 6: Herufi Moja, Sheria Tatu

Ubaoni kuna herufi moja tu, c. Mwalimu ameichora kubwa kwa chaki ya manjano, imejikunja kama mwezi mwandamo, na watoto wa gredi ya kwanza wanaitazama wakingoja iseme kitu. Ni kipindi cha Kikuyu, asubuhi, na mvua ya njahi, yaani masika, inapiga mabati hata mwalimu hana budi kupaza sauti. "Inalia vipi?" Darasa zima linaweka kidole mdomoni na kutoa "shhh", kama linalomnyamazisha mtoto mchanga. Cai, yaani chai. Cũcũ, yaani nyanya. Ciana, yaani watoto, yaani wao wenyewe.

Ringi ya lori iliyotundikwa mtini inagongwa, dakika 30 zimekwisha, kinaingia Kiingereza. C haijafutwa. Sasa inalia "k": cat, cup, cow. Kabla ya uji wa saa nne kinafika Kiswahili, na c ile ile imepigwa marufuku kusimama peke yake. Lazima ishikwe mkono na h: chai, chungu, chaki. Herufi moja, sheria tatu, asubuhi moja, kwa mtu mwenye umri wa miaka sita.

Watoto hawakulalamika. Ni kijana mmoja tu wa dawati la mbele, sweta lake limefumuka kwenye kiwiko, aliyeuliza kwa Kikuyu kwani c ina majina mangapi. Mwalimu akacheka, akamwambia ina matatu kama yeye: la ubatizo, la babu yake na la baba yake. Kijana akaridhika. Mimi niliyekuwa nimeketi nyuma kwenye kiti cha watoto, magoti yakinigusa kidevu, sikuridhika kirahisi hivyo, na sura hii ndiyo matokeo yake.

Nilifika shule hiyo ya mteremkoni Murang'a, upande ambao kahawa inaanza kuipisha michai, katika wiki ya mwisho ya muhula wa kwanza. Nilitaka kujua jambo moja la kawaida kabisa, ambalo wazazi huulizana kwenye matatu na nje ya kanisa: hawa wadogo watafundishwa nini muhula ujao? Jibu lilikuwa kwenye daftari la mwalimu lililojaladiwa kwa gazeti. Alikuwa akiandaa maazimio ya kazi ya muhula wa pili. Mtaala wenyewe, unaotoka kwa taasisi ya kukuza mitaala, KICD, kule Nairobi, huorodhesha mada na vipindi vinavyopendekezwa. Kuamua kipi kitaangukia wiki ipi ni kazi ya mwalimu, na hapo ndipo hekima yake inapojulikana. Kalenda inampa wiki kama 14, tangu mwisho wa Aprili hadi mwanzo wa Agosti. Yeye hupanga 12. Nyingine mbili, alisema, ni za Mungu na za serikali. Hakuwa anatania. Mwaka 2024 mafuriko yalisukuma ufunguzi wa muhula wa pili hadi tarehe 13 Mei, na maazimio ya kazi ya nchi nzima yakageuka uongo kabla hayajaguswa.

Ratiba yenyewe naweza kuipita haraka. Gredi ya kwanza hadi ya tatu zina vipindi 31 kwa wiki. Hisabati 5, Kiingereza 5, Kiswahili 4, mazingira 4, dini 3, shughuli za ubunifu 7, lugha ya mama 2, na kimoja cha malezi ya kiroho. Mtaala wa umilisi ulipoingia madarasani Januari 2019, masomo ya ngazi hii yalikuwa tisa na wazazi walilia kwamba mikoba inawavunja watoto migongo. Jopo la Profesa Raphael Munavu, lililoundwa 2022 na kutoa ripoti mwaka uliofuata, likayapunguza yakawa saba. Usafi na lishe vikamezwa na mazingira. Ukiitazama karatasi hiyo bila kumjua mtoto yeyote utadhani jambo kubwa la gredi ya kwanza ni ubunifu, kwa kuwa una vipindi saba. Sivyo. Jambo kubwa ni kusoma. Muhula wa kwanza mtoto hukusanya sauti kama anayeokota kuni. Muhula wa pili ndipo anapoziwasha. Asipowasha hapo, hisabati ya gredi ya pili itampita kwa sababu hawezi kusoma swali, na mazingira yatampita kwa sababu hawezi kusoma jina la mnyama ambaye amemfunga kamba mwenyewe jioni iliyotangulia.

Watu wa mpango wa Tusome, ulioenea katika shule za msingi za umma nchini kuanzia 2015, walilijua hilo. Waliweka kitabu mkononi mwa kila mtoto badala ya kimoja kwa watoto watatu, na wakawazoesha walimu mwendo wa hatua tatu ambao bado unausikia katika darasa hili: kwanza mwalimu anasoma, kisha wanasoma pamoja, halafu watoto wanasoma wenyewe. Kipimo kilichotumika kwa msomaji hodari wa darasa la pili kilikuwa maneno 45 kwa dakika kwa Kiswahili na 65 kwa Kiingereza. Msomaji asidhani Kiswahili kilidharauliwa. Neno letu moja, "hatutawasomea", linabeba sentensi nzima ya Kiingereza mgongoni.

Ila Tusome ilihusu Kiingereza na Kiswahili. Lugha ambayo mtoto huyu wa Murang'a aliamshwa nayo asubuhi ni ya tatu, na ndiyo anayoijua kuliko zote mbili.

Hebu tuukague mdomo wake kama fundi anavyokagua sanduku la vifaa. Alfabeti ya Kikuyu haina f, haina l, haina p, haina s, haina v, haina z. Hizo ni sauti sita za Kiswahili ambazo babu yake angeweza kuishi na kufa bila kuzihitaji. Kwa hiyo "lala" inatoka "rara", na wachekeshaji wa runinga wamejilipia karo za watoto wao kwa kichekesho hicho kimoja. Kuna kosa la pili linalovutia zaidi na halichekwi sana. Mtoto akirekebishwa mara nyingi huanza kuogopa r yenyewe, akaandika "balabala" na kumwita rais "lais". Mwalimu akaniambia huyo wa pili ndiye anayempa moyo. Wa kwanza hajasikia tofauti bado. Wa pili ameisikia, sasa anatafuta mpaka wake ulipo. Anapanga kuirudia sauti l kwa wiki mbili nzima muhula ujao ingawa kitabu kinaipa siku chache tu. Anawafundisha kwa kioo: kila mtoto anatazama ulimi wake ukigusa nyuma ya meno ya juu na kukaa hapo. R inapiga na kukimbia, anawaambia, l inabisha hodi na kungoja.

Upande ambao hakuna anayeutaja ni wa mali. Sanduku hilo lina vifaa ambavyo wengine huvitafuta kwa shida. G ya Kikuyu si g ya "gari". Ni gh kamili, ile ya "ghali" na "ghuba". Th ya Kikuyu ni dh, ile ya "dhahabu" na "fedha". Wanafunzi wengi wa bara hung'ang'ana na sauti hizo mbili hadi chuo kikuu, wakasema "gali" na "zahabu" mbele ya maikrofoni. Mtoto wa Murang'a amezaliwa nazo. Kikwazo chake ni maandishi: akikuta "thamani" anasoma "dhamani", kwa sababu kwao th inaandika sauti hiyo, na hapo amepoteza alama akiwa na akili timamu. Ng' pia anayo bila kufundishwa, maana imo katika jina la kaunti yake. Nilimuuliza mwalimu kama kuna kitabu chochote cha Kiswahili cha gredi ya kwanza kinachomwambia mwalimu wa Murang'a kwamba watoto wake wanakuja na gh na dh mfukoni. Akanitazama kama niliyeuliza iwapo kuna kitabu kinachotoa uji.

Kisha kuna irabu. Kikuyu kina saba, ndiyo maana ya kile kialama juu ya ĩ na ũ. Kiswahili kina tano. Mti ni mũtĩ, na masikio ya mgeni husikia kitu kilicho karibu na "mote". Mtoto hana budi kujifunza kwamba kialama kikiondoka sauti inabadilika, kana kwamba mtu akivua kofia anakuwa mtu mwingine.

Na maneno nayo yana mitego yake. Mada ya familia katika Kiswahili cha gredi ya kwanza inaonekana kama mteremko: baba, mama, kaka, dada. Lakini katika Kikuyu cha wazee "mama" ni mjomba, ndugu wa kiume wa mama mzazi, na mama mzazi ni "maitũ". Watoto wengi wa sasa wanasema "mami" kwa hiyo ajali zimepungua. Hata hivyo mwalimu anakumbuka mwaka ambao mtoto aliyelelewa na nyanya yake alichora familia, akaambiwa aoneshe mama, akaelekeza kidole kwa mwanamume mwenye kofia na baiskeli. Watoto wengine hawakucheka. Kwao alikuwa sahihi. Aliyecheka ni mwanafunzi mwalimu aliyekuja kwa mazoezi, mtu wa kutoka mbali.

Nilipokuwa na umri wa kijana wa sweta lililofumuka, shuleni kwangu kulikuwa na kipande cha mbao chenye tundu na uzi. Tulikiita diski. Ukisikika ukisema Kikuyu unavishwa, unakaa nacho hadi umsikie mwenzako akikosea nawe umvishe, na jioni aliyebaki nacho anachapwa pamoja na wote waliokivaa. Shule hiyo siitaji. Ilikuwa kama nyingine nyingi, na Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, alishaieleza dunia desturi hiyo. Ninachokumbuka mimi si viboko. Ni ukimya. Kulikuwa na watoto ambao darasani hawakutamka neno kwa muhula mzima, na walimu waliandika kwenye ripoti kwamba ni wapole.

Kinachoshangaza ni kwamba sera haikuwa hivyo. Tangu 1976 kamati ya elimu ya Gachathi ilipendekeza madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha inayotawala eneo la shule, na vitabu vya mfululizo wa Tujifunze Kusoma Kikwetu vilichapishwa kwa lugha nyingi za nchi. Kabla ya hapo Wakikuyu walikuwa tayari na Wĩrute Gũthoma cha Fred Kago, kitabu ambacho wazee wa Murang'a wakikitaja macho yao hurudi utotoni. Kwa hiyo tulikuwa na sera, tulikuwa na vitabu, na tulikuwa na diski shingoni. Mtaala wa sasa umeipa lugha ya mama vipindi viwili kwa wiki, na hata hivyo viwili huliwa. Mitihani ya katikati ya muhula ikikaribia, Kikuyu ndicho kinachochinjwa kwanza, kama jogoo mgeni akifika.

Ni rahisi kuwalaumu wazazi. Ukishuka kutoka shuleni hadi lami utaona bango la akademia linaloahidi Kiingereza tangu siku ya kwanza, na basi lake la manjano limejaa. Lakini kabla ya kulaumu ni vizuri kukumbuka Murang'a ilipitia nini, hapo ilipokuwa ikiitwa Fort Hall.

Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizuru Afrika Mashariki ikiongozwa na Thomas Jesse Jones, na mmoja wa wajumbe alikuwa James Aggrey wa Gold Coast. Ushauri wa tume hiyo ulikuwa kwamba Mwafrika afundishwe mambo yanayolingana na maisha yake: kilimo, usafi, kazi za mikono, na mwanzoni lugha yake mwenyewe. Ukiyasoma leo ni maneno matamu, karibu yafanane na mtaala wa umilisi. Masikioni mwa wazazi wa Fort Hall yalikuwa na maana nyingine. Mtoto wa mzungu alisoma Kiingereza akawa bwana shauri. Mtoto wao alitakiwa asome Kikuyu na kulima shamba la misheni. Kiingereza ndicho kilichoandikia hati za ardhi, na hati za ardhi ndizo zilizowatoa watu shambani. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 watu wa Gituamba, papo hapo Fort Hall, walikuwa wamekwishaanza shule yao wenyewe. Baada ya ugomvi wa 1929 kati ya misheni na Wakikuyu juu ya tohara ya wasichana, shule kama hiyo zilizidi kuchipuka, na 1934 zikaunda chama chao cha KISA. Wazazi walibeba mawe na kuchanga kuku na mayai, na mojawapo ya madai yao makubwa lilikuwa Kiingereza mapema. Mwaka 1939 chuo cha walimu kilifunguliwa Githunguri, Kiambu. Hali ya hatari ilipotangazwa 1952 serikali ilizifunga shule hizo, na Githunguri, palipokuwa na ubao na chaki, pakawekwa kitanzi.

Kwa hiyo mzazi wa Murang'a akisikia mtoto wa gredi ya kwanza atajifunza kwa lugha ya mama, kufinyanga udongo na kupanda mboga, kuna sauti ya babu inayomnong'oneza: tulishapewa hiyo, tukaikataa. Sidhani yuko sahihi. Lugha iliyotumika zamani kumzuia mtoto mlangoni inaweza leo kuwa ufunguo, na tofauti iko katika kile kinachofuata gredi ya tatu, kama kipo. Lakini sidhani pia kwamba ni mjinga, na maofisa wanaokuja kwenye mikutano ya wazazi kumweleza faida za lugha ya mama wangeanza kwa kuiheshimu historia hiyo wangesikilizwa zaidi.

Turudi darasani, kwenye visoda.

Mwalimu ana ndoo mbili za vifuniko vya chupa za soda. Anavikusanya kutoka kwa wenye maduka, anavichemsha, anavianika. Hisabati ya muhula ujao ni kuhesabu, kujumlisha na kutoa bila kuchukua wala kukopa, kisha kupima na pesa. Kila mtoto ana visoda vyake kwenye kibati cha mafuta ya kujipaka. Mwalimu akisema "tano na tatu" chumba kizima kinatoa mlio kama mvua nyingine ndani ya mvua.

Hapa napo lugha inachungulia. Kikuyu kina desturi ya kuikwepa kumi pale panapohesabiwa watu. Mabinti wa Gĩkũyũ na Mũmbi, waliozaa koo za Wakikuyu pale Mũkũrwe wa Nyagathanga, si mbali na mji wa Murang'a, husemwa ni tisa. Ukiyahesabu majina utapata kumi, na wazee watakuambia bila kupepesa jicho kwamba ni kenda mũiyũru, kenda iliyojaa. Kuhesabu watoto au mifugo hadi mwisho ni kuwaitia balaa. Nilidhani hayo yamekufa. Mwalimu akanieleza kwamba mwaka juzi aliwaagiza watoto wahesabu watu wa nyumbani kwao waje na visoda vya idadi hiyo, na nyanya mmoja akampa mjukuu wake visoda vyenye pungufu ya kimoja. "Huyo wa mwisho mwalimu atamjua mwenyewe," alimtuma aseme. Tangu hapo anawatuma wahesabu vikombe.

Pesa ndiyo mada wanayoipenda. Pembeni mwa darasa kuna duka: pakiti tupu za chumvi na majani ya chai, sabuni ya kipande, maparachichi mawili ya kweli ambayo huliwa Ijumaa. Watoto wanazijua sarafu kwa wanyama, maana zile zilizotolewa Desemba 2018 hazina sura ya rais yeyote: shilingi moja ina twiga, tano ina kifaru, kumi ina simba, ishirini ina ndovu. "Nipe chumvi ya simba mbili," anasema mteja wa miaka sita, na hesabu hiyo ni nzuri kuliko nyingi nilizozisikia bungeni. Mwenye duka akamwambia hana chenji. Mteja hakusita. Akatoa mfukoni kipande cha mbao bapa, akakibonyeza kwa kidole gumba, akasema, "Nimetuma." Mwenye duka akachungulia kipande chake naye, akasubiri kidogo, akatikisa kichwa: "Haijaingia." Mwalimu aliniambia kwamba hilo halimo kwenye kitabu chake na hajui aliweke kwenye safu gani.

Mazingira nitayagusa tu, si kwa sababu hayana maana bali kwa sababu Murang'a yenyewe inayafundisha. Watazungumza juu ya hali ya anga muhula ambao unaanza na tope la njahi na kuishia kwenye gathano, ule ukungu wa baridi wa Julai unaokaa milimani hadi adhuhuri. Watacheza na udongo na kujifunza kwamba maji huubeba. Katika wilaya hii watu walishurutishwa kuchimba matuta kuzuia mmomonyoko, na mnamo 1947 na 1948 walikataa, akina mama wakiwa mstari wa mbele. Wajukuu wa akina mama hao sasa wanamwaga maji kwenye trei mbili, moja ina nyasi na nyingine haina, na wanapiga kelele ile tupu inapogeuka nyekundu kama mto Mathioya baada ya mvua. Kwenye mada ya vyakula vya kiasili kila mmoja ataagizwa alete kitu. Zitakuja nduma, viazi vitamu, njahi zenyewe, ndizi. Mwalimu ameshajua kwamba mtoto mmoja ataleta biskuti, na kwamba nyuma ya biskuti hiyo kuna nyumba ambayo wiki hiyo haikuwa na nduma.

Hapo ndipo ninapokosana na mtaala huu. Vifaa vinavyopatikana katika mazingira, vitabu vinasema. Lakini mara nyingi kinachofika nyumbani ni agizo la manila, la rangi, la picha iliyochapishwa, la mzazi kumpiga mtoto picha akiosha vyombo na kuituma kwa simu. Serikali humtengea kila mtoto wa shule ya msingi shilingi 1,420 kwa mwaka. Picha ya rangi pale kwa mwenye saiba sokoni ni shilingi kadhaa, na nauli ya kushuka na kupanda mlima ni nyingi kuliko picha. Wazazi wengi wa hapa wako Thika na Nairobi wakitafuta. Aliyebaki na mtoto ni shosho mwenye simu ya kitufe. Kumwomba apige picha ni kumwaibisha. Kumwomba vitendawili ni kumtajirisha, maana anavyo hadi vya kumwaga, na "gwata ndaĩ" yake, ambayo Mswahili angeiitikia "tega", inafundisha kusikiliza, kukumbuka na kupanga hoja bila senti moja. Mwalimu ameandika hivyo kwenye maazimio yake: wiki ya tatu, kila mtoto alete kitendawili kimoja kutoka nyumbani. Kitabu kilisema alete chati.

Siku ya kufunga muhula mvua ilikatika kidogo, na walezi wa watoto wakaja kuchukua ripoti. Safu ni nne: kuzidisha matarajio, kufikia, kukaribia, na mbali na matarajio. Hakuna namba, hakuna wa kwanza wala wa mwisho, na wazee wengi huigeuza karatasi upande wa pili wakitafuta namba ilikofichwa. Nyanya wa kijana wa sweta lililofumuka alikuwa amevaa buti za mvua na leso kichwani. Alisalimu kila mtu, nami nikiwemo, akaketi kwenye dawati la mjukuu wake. Ripoti ilikuwa imechapishwa kwa Kiingereza. Akamsukumia mjukuu.

"Nisomee, mũthuri wakwa," alisema. Mume wangu: kijana amerithi jina la babu yake.

Kijana akaanza na alichokijua. Akasoma jina lake, yote matatu. Akasoma Kiswahili, akafika kwenye alama ya kukaribia, akaeleza kwamba ni kwa sababu ya l lakini itakwisha muhula ujao. Kisha kidole chake kikashuka mstari mmoja, kikafika kwenye neno lililoanza na C kubwa, Creative, kikasimama. Aliitazama. Akaweka kidole cha mkono mwingine mdomoni, akaanza "shhh", akakiondoa, akageuka kumtafuta mwalimu. Mwalimu alikuwa ameinama kwenye kona ya duka akihesabu visoda na kuvirudisha kwenye ndoo.

"Endelea," nyanya akasema. "Sina haraka. Mvua bado iko juu."